Nalilia tamthilia, ama namlilia mama mkwe?

"Salaam aleikum, mshauri. Mimi ni fundi wa cherehani hapa Bondeni, Nakuru, nina miaka 46. Naomba usinicheke. Kwa miaka 6 nimekuwa nikitazama tamthilia moja ya Kihindi saa moja jioni, mimi na mama mkwe wangu. Akishaswali Magharibi anabaki palepale kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi, mimi naketi kwenye stuli nikishona pindo za nguo za wateja, hatunyanyuki hadi Isha. Hatukuwa watu wa kuzungumza sana, ila mbele ya runinga tulielewana. Akitaka kunikosoa, alimkosoa yule mke wa mwana wa kwenye runinga. Mama alifariki mwaka jana baada ya kiharusi kumlaza miezi 14, na mimi ndiye niliyemuuguza. Nikaendelea kutazama peke yangu. Wiki 3 zilizopita tamthilia ikaisha. Sehemu ya mwisho ilipoanza nilizima, nikaenda kuosha vyombo. Kusema kweli nilihisi nafuu, kama nimetua gunia, maana hadithi ilikuwa imeshaharibika: wamebadilisha waigizaji, wameruka miaka 20, wamefufua waliozikwa. Lakini usiku huo nililia mpaka mto ukaloa, kitu ambacho sikukifanya hata matangani. Mpwa wangu alinitilia sehemu hiyo kwenye flashi. Nimeitia ndani ya kikombe kabatini, siigusi. Binti yangu alipiga simu kutoka chuoni Njoro kuniuliza kama nimeona mwisho, nikamdanganya kwamba nimeona. Mume wangu anasema hata Wahindi wenyewe hawalii hivi, na ikifika saa moja anachukua rimoti anaweka habari. Je, naanza kurukwa na akili? Mbona waliikatiza hadithi? Na hii flashi, niitazame au niitupe?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Sikucheka. Ningecheka ningekuwa mnafiki, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuahirisha safari ya Eldoret ili nisikose harusi ya watu wasiokuwapo duniani. Harusi yenyewe haikufungwa siku hiyo. Bibi harusi alitekwa nyara mlangoni.

Nianze na hofu yako. Mtu anayerukwa na akili hushindwa kutenganisha kilichopo na kisichokuwapo. Wewe umekasirika kwamba waigizaji wamebadilishwa na kwamba waliozikwa wamefufuliwa. Anayeamini hadithi ni kweli hawezi kumkasirikia mwandishi. Akili yako iko timamu, na jicho lako la kukosoa hadithi ni zuri kuliko la mumeo anayecheka bila kutazama.

Swali la kukatizwa nalo ni jepesi, nalijibu mapema ili litupishe. Haikukatizwa ghafla, wala si kwa sababu yetu sisi wa huku. Kule India tamthilia hizi huonyeshwa karibu kila siku ya wiki, na huandikwa huku zikionyeshwa. Hakuna aliyeketi siku ya kwanza akajua mwisho utakuwaje. Kila wiki hutoka hesabu ya watazamaji, wenyewe huiita TRP, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua bei ya matangazo. Ikiwa juu, harusi inaahirishwa ili utamu uendelee. Ikianza kushuka, mtu anapata ajali, anapoteza kumbukumbu, anarudi na sura nyingine. Ikizidi kushuka, miaka 20 inarukwa na watoto waliokuwa wakinyonya jana wanakuwa wachumba leo. Kwa hiyo mambo yale uliyoyaona yakiharibika yalikuwa jitihada za kuiokoa. Siku moja mwenye pesa akasema basi.

Na sisi tunaipata ikiwa imeshapoa. Tangu kituo cha Zee World kianze kuonekana Afrika mwaka 2015, tumezoea tamthilia zilizokwisha kuonyeshwa kule, au zilizotangulia mbali sana, zikatiwa sauti za Kiingereza ndipo zikatufikia. Siku uliyozima runinga yako, waigizaji walikuwa wameshavua vito na kwenda kwenye kazi nyingine. Hata ile sauti ya upole uliyoizoea si ya yule dada unayemwona. Ni ya mtu mwingine kabisa aliyeketi chumbani mbele ya maikrofoni. Sikuambii haya kukuharibia. Nakuambia kwa sababu umeandika "waliikatiza" kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi, na ninavyoona, kunyang'anywa umenyang'anywa kweli, ila aliyekunyang'anya si kituo cha runinga.

Wataalamu wameuchunguza uhusiano wa namna hii na watu wa kwenye kioo. Mwaka 1956 Wamarekani wawili, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu watazamaji wa televisheni waliokuwa wakiongea na watangazaji kana kwamba ni marafiki waliokuja kuwatembelea. Waliona kwamba ni urafiki kamili kwa upande mmoja: mmoja anajulikana vizuri sana na mwenzake, wala hajui hata kama huyo mwenzake yupo. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni ugonjwa wa wapweke. Sivyo. Hata mwenye ndugu kumi na majirani mlango kwa mlango hupatwa nao, na sababu yake ni rahisi ukiifikiria.

Hebu jiulize: ni nani mwingine uliyekuwa ukimwona akilia, uso kwa uso, kwa umbali wa mkono mmoja, kila siku ya Mungu? Majirani hujifungia wakilia. Kamera ya tamthilia ya Kihindi haimwachi mtu alie peke yake. Inamsogelea, inamzunguka, ngurumo inapigwa mara tatu, kisha inapita kwenye uso wa kila mtu sebuleni mpaka wa mpishi. Tena mawazo ya yule dada unayasikia akiyasema moyoni kabla mumewe hajayajua. Akili ya binadamu iliumbwa kwa ajili ya majirani na jamaa. Inahesabu mara ngapi umeonana na mtu na siri zake ngapi unazo. Haikuumbwa na chumba cha kando cha watu wa runinga. Ukimwona mtu mara elfu moja, akili inamwandika kwenye daftari la watu wa nyumbani. Akiondoka, inamtafuta. Ule mshtuko wa saa moja jioni, ile dakika unapojikuta umeshika rimoti bila kujua, ndio huo.

Hayo ni maelezo ya vitabuni, na ni ya kweli. Kwako wewe lakini yanafika nusu ya njia tu. Kama ungekuwa unamlilia yule dada wa tamthilia, ungekimbilia kuona mwisho wake. Wewe umeukimbia.

Barua yako ina vitu viwili ambavyo umevitaja kwa kupita na mimi nimekwama hapo. Cha kwanza ni mkeka. Cha pili ni hiyo sentensi kwamba mama akitaka kukukosoa alimkosoa mke wa mwana wa kwenye runinga.

Kazi hii imenifundisha kwamba watu wa huku kwetu hawafunguani mioyo wakitazamana. Mweke mama mkwe na mke wa mwana viti viwili vinavyoelekeana, uwaambie wazungumze, watakuuliza kama umeshakunywa chai. Lakini wape kitu cha tatu cha kutazama: moto, karai la minji za kumenya, mtoto anayetambaa. Hapo macho yana pa kwenda na maneno yanatoka. Kwenu kitu cha tatu kilikuwa runinga. Nawaona kabisa. Yule msichana anamimina chai inamwagika kwenye kisahani, na mama kutoka mkekani anasema, "Mtoto wa watu hakufundishwa," nawe unajua ni sufuria yako ya jana iliyoungua. Unajibu, macho kwenye pindo, "Labda amechoka, tangu asubuhi hajaketi." Na mama kimya. Kesho yake, mke wa mwana wa kwenye runinga akinyanyaswa, mama anasema, "Huyu bibi naye amezidi," na hapo wewe umeshaombwa msamaha, bila yeyote kuinama.

Kuna tamthilia maarufu sana kule India, Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi. Ilianza Julai 2000, ikaisha Novemba 2008 ikiwa na sehemu zaidi ya 1,800. Smriti Irani, aliyeigiza kama Tulsi, alifika hadi kuwa waziri katika serikali ya India, na mwaka 2025 tamthilia iliporudishwa akavaa sari ya Tulsi tena. Jina la tamthilia hiyo maana yake ni "Kwa sababu mama mkwe naye aliwahi kuwa mke wa mwana." Nadhani ninyi wawili mlikuwa mkiambiana hilo kila jioni kwa miaka ile yote, kwa Kiswahili cha Bondeni, mkipitia kwa Wahindi.

Kisha mama akafariki. Ila saa yenu haikufa. Saa moja ilipofika runinga iliwaka, yule dada akaja, mkeka ukawa pale ulipo. Uliandika "nikaendelea kutazama peke yangu", nami naamini hukuwa peke yako sana. Bado kulikuwa na miadi kati yako na yeye, na wewe uliitimiza hata hadithi ilipokuwa haina tena maana, hata miaka 20 iliporukwa. Mtu hatazami upuuzi kila siku kwa mwaka mzima kwa ajili ya upuuzi. Tamthilia ilipoisha, miadi ikaisha. Hapo ndipo mama alipoondoka mara ya pili, na safari hii hapakuwa na turubai.

Nasema turubai kwa makusudi. Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika kuhusu huzuni ambazo jamii haizipi nafasi: ya mtu aliyeharibikiwa mimba, ya aliyefiwa na mpenzi wasiyemjua watu, ya aliyepoteza mnyama wake. Kwa lugha yetu ningeziita huzuni zisizo na matanga. Hakuna anayekuja na kilo mbili za sukari. Hakuna anayekuambia pole. Na yasiyopewa pole hugeuka aibu, ndiyo maana ukamdanganya binti yako kwenye simu.

Lakini dada, wewe una huzuni mbili za aina hiyo. Hukulia matangani, umesema. Sishangai. Nimehudhuria matanga mengi ya Bondeni, na mke wa nyumba yenye msiba ndiye mtu wa mwisho kulia. Anahesabu vikombe. Anaulizwa sukari iko wapi, mchele umebaki kiasi gani, wageni wa Mombasa walale kwa nani. Ikifika arobaini amechoka hivi kwamba akiketi anasinzia. Watu wanalia wakizunguka sufuria zake, naye anakoroga. Machozi ya siku zile hayakupotea. Yalikuwa yakingoja mtu atue mwiko.

Sasa tuje kwenye nafuu, na hapa nitaenda polepole.

Umeona aibu kwamba ulihisi nafuu hadithi ilipoisha. Hukuandika kwamba mama alipokata roho pia ulihisi nafuu, nami sikusingizii. Ila nimeketi na wauguzaji wa nyumbani wengi, na miezi 14 ya kiharusi naijua ilivyo: kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda, uji kijiko kwa kijiko ukiogopa asipaliwe, shuka tatu kwa usiku, kulala sikio likiwa wazi. Yule ambaye kwa miaka alikukosoa kupitia runinga sasa hawezi kuinua mkono, na wewe unamkosha. Mwili unaobeba hivyo, mzigo ukiondoka, unapumua. Hauulizi ruhusa ya moyo. Wengi wameniambia dakika ile ya kwanza walipumua, kisha wakajichukia kwa miaka.

Nafuu inasema mzigo ulikuwa mzito. Haisemi chochote kuhusu kama ulimpenda aliyekuwa mzigo. Vitu hivi viwili hukaa nyumba moja bila kugombana. Tunaovigombanisha ni sisi, kwa sababu tumefundishwa kwamba huzuni safi ni ile isiyo na kitu kingine ndani yake. Basi ulipozima runinga ukahisi umetua gunia, huenda ulitua magunia mawili kwa mpigo, na lile la pili ndilo lililokuliza usiku. Kama nimekosea, lipuuze hili na uendelee kusoma.

Ile flashi sasa.

Kuna Mrusi mmoja, mwanamke, Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisomea saikolojia Berlin. Mwaka 1927 alichapisha utafiti kuhusu jambo ambalo lilikuwa limeonekana kwa wahudumu wa mkahawa: oda ambayo haijalipwa wanaikumbuka neno kwa neno, ikilipwa tu inatoka kichwani. Alipowapa watu kazi na kuwakatiza katikati, walizikumbuka zile zilizokatizwa kuliko zile walizomaliza. Waliorudia majaribio yake baadaye wengine walipata hivyo, wengine hawakupata, kwa hiyo usilichukue kama sheria ya Newton. Ila waandishi wa tamthilia hawakungoja wanasayansi wakubaliane. Kila siku wanakukatizia mkono ukiwa mlangoni, bastola ikiwa imeelekezwa, barua ikiwa haijafunguliwa. Umekaa miaka 6 kwenye shule ya kutomaliza, na mtihani wa mwisho ulipokuja ukaufuata mtindo wao: ukakatiza mwenyewe.

Ninaelewa. Kama mwisho haujatazamwa, haujafika. Mama naye, kwa namna fulani, bado anangoja pale mkekani kujua itakuwaje. Nimewaona waliobakiza ukurasa wa mwisho wa kitabu kilichoachwa na baba, na mwingine aliyehifadhi chupa ya manukato yenye tone moja. Kufanya hivyo kwa muda hakudhuru. Lakini wewe umeiweka ndani ya kikombe, dada, na vikombe ndivyo unavyogusa kila siku.

Maoni yangu: itazame. Usiitupe. Ukiitupa, utaitunga mwenyewe usiku, na utunzi wa saa nane za usiku hauna huruma. Niwe mkweli lakini: sehemu za mwisho za tamthilia hizi kwa kawaida hazipendezi. Wanapangwa wote kwenye ngazi, wabaya wanatubu kwa dakika nne, sinia ya taa za ibada yao inazungushwa, picha ya familia, kwisha. Miaka 6 haifungiki kwa saa moja. Ukitarajia ikupe kile matanga hayakukupa, utanyanyuka umekasirika. Itazame kama mtu anayefunga mlango wa duka jioni, ili tu mlango uwe umefungwa.

Wengine watakushauri mambo matatu mengine, nayajua kwa sababu watu huja kwangu wameshayajaribu. La kwanza, anza tamthilia nyingine kesho. Si baya, na huenda ukakutana na uso uleule ukiwa na jina jipya, lakini ukiifanya haraka utakuwa umemketisha mgeni kwenye mkeka wa mama kabla hujamaliza kuukunja. Subiri kidogo. La pili, rudia hii tangu sehemu ya kwanza. Sehemu 1,000 kwa sehemu moja kwa siku ni miaka 2 na miezi 9. Na katika miezi ya mwanzo utasikia kila neno alilolisema mama palepale aliposemea. Sehemu kumi au ishirini unazozipenda, sawa, tena zinaweza kukupa kicheko. Zote, hapana. La tatu ni kuwafuata waigizaji kwenye mtandao. Hapo nakuachia, ila jitayarishe kumwona yule mke mpole amekata nywele, amevaa jinzi, anacheka ufukweni na yule mwovu aliyemtilia sumu. Kuna wanaofarijika. Mimi nilihisi nimesalitiwa.

Kuhusu mumeo, nina neno. Umeandika kwamba saa moja ikifika anachukua rimoti anaweka habari, na umeliandika kama ukatili. Habari za Kiswahili ziko saa moja miaka yote. Kwa miaka mwanamume huyu aliacha habari zimpite katika nyumba yake mwenyewe, kwa sababu mama yake alikuwa akitazama Wahindi. Alikuwa wapi saa hiyo? Wengi wa aina yake nimewakuta wameketi kibarazani, simu mkononi, karibu na dirisha, wakisikiliza mama akicheka ndani. Yeye ndiye aliyefiwa na mama, na hujaandika hata mstari mmoja kama yeye alilia. Dhihaka yake inaniuma kwa ajili yako, wala simtetei. Ila huenda anaijaza saa ile kwa sauti ya mtangazaji kwa sababu ileile iliyokupeleka wewe kuosha vyombo. Usimuulize kwa nini anakucheka. Muulize, "Mama alikuwa akikuambia nini kuhusu ile tamthilia?" Kisha nyamaza.

Binti naye mwambie ukweli kwamba hukuona. Kwa kuchelewa simu moja hatakuona mwongo, na Njoro si mbali. Jioni ya Jumamosi anaweza kuwa kwenu.

Sasa sehemu ambayo siwezi kuimaliza kwenye barua. Angalia siku zako kwa uaminifu. Kama uzito unakuja saa moja jioni kisha unaondoka, ukashona, ukala, ukagombana na wateja kama kawaida, huo ni msiba unaotembea kwa miguu yake, uache utembee. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi, sehemu kubwa ya siku, kila siku, hakuna kinachokupendeza, chakula hakipiti, unaamka saa tisa za usiku na hulali tena, nguo za wateja zimerundikana na huna nguvu ya kuwasha cherehani, hapo nataka uonwe na mtu ana kwa ana. Vilevile kama kumtamani au kumjutia mama kunakuzuia kuishi tangu alipofariki. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linatambua huzuni ya msiba inayokwama baada ya miezi 6 au zaidi ikapita kiasi cha mila za mahali pale, na iko tiba ya kuzungumza inayoisaidia. Na wazo la kutaka kufa likikujia, hata kwa mbali, hata ukiliona la kijinga, usingoje wiki mbili. Mwambie mtu siku hiyohiyo, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Hospitali ya rufaa hapa Nakuru, ambayo wengi bado tunaiita PGH, unaweza kuanzia hapo. Ukimtafuta mshauri wa binafsi, muulize kama amesajiliwa. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na mwenye cheti haoni haya kukionyesha. Kumwona mshauri si kupelekwa Mathari, ile hospitali ya akili ya Nairobi, usiwasikilize wa kibarazani. Na ukiwa huko pima presha na sukari, maana aliyeuguza miezi 14 mara nyingi hajajipima hata mara moja. Waambie pia umri wako. Kwenye miaka 46 hedhi huanza kubadilika kwa wengi, na mwili wenyewe unaweza kukuamsha usiku kwa jasho na machozi yasiyo na jina. Si kila mto ulioloa umelowa kwa sababu moja.

Basi Jumamosi itoe flashi kikombeni. Binti awepo. Mumeo mwambie mapema, asije akasema hukumkaribisha. Akikataa, mwachie mlango wazi, kibaraza kiko karibu. Usiitazame kwenye simu kitandani. Itazameni sebuleni, na wewe ukae kwenye stuli yako ileile, na nguo ya kushona pindo mkononi, kwa sababu mikono yako haijui kutazama ikiwa mitupu. Sinia ya taa ikizungushwa na kuna mtu aliyezoea kugeuza uso hapo, mtamkumbuka bila kuambiana. Semeni kwa sauti yale ambayo angeyasema. Chai ya yule msichana ikimwagika, mtu aseme.

Mkeka utandikeni pale pake, tasbihi juu yake. Na msianze kabla ya Magharibi kuswaliwa, hilo hangelikubali.